Viganja vya Baba Nasambu

Mlango alioubamiza Nanzala wiki iliyopita ulikuwa bado unalia masikioni mwa mumewe.

Kwa aliyepitwa, huyu mume ni Elphas Wepukhulu, fundi wa cherehani hapa Eldoret. Alirudi kutoka vita vya Burma na miguu yote miwili na macho yote mawili, lakini viganja vyake ni vile vile alivyoondoka navyo: vinatoka jasho kama mtungi mpya. Si jasho la kazi wala la jua. Hata Julai, ukungu umekalia mji na watu wanapuliza vidole, mikono ya Elphas inatiririka.

Nguo ya harusi ya binti wa Kaburu mmoja ndiyo iliyomponza. Hariri nyeupe ilipata madoa ya vidole vyake, na Mhindi mwenye duka akamtoa nje mbele ya wateja.

Elphas alifika nyumbani na uchungu unaotafuta pa kutua. Akakuta wageni wawili kutoka mashamba ya Chepsaita: Wasike, kaka wa mkewe, na Mzee Kituyi wa kanisa. Walikuwa wamekuja kwa amani. Binti yake Nasambu akamletea maji ya kunywa, kikombe kikamponyoka, maji yakamwagikia suruali ya pekee iliyokuwa safi.

Hapo ndipo alipolitoa lile neno alilolitafuna tangu arudi kutoka vitani.

"Mtoto huyu si wangu. Muulizeni mwalimu Nyongesa."

Nyongesa ni mwalimu wa shule ya shamba kule Chepsaita. Elphas alipokuwa Burma, yeye ndiye aliyemsomea Nanzala barua za mumewe. Nasambu alizaliwa Elphas akiwa ameshavuka bahari, na midomo ya watu ikahesabu miezi vibaya.

Nanzala hakulia. Alifunga kifurushi, akamshika mtoto, akatoka na kaka yake. Mlango mmeusikia.

Sasa sikia yaliyofuata.

Habari za fundi aliyefukuzwa kwa sababu ya jasho zilizunguka lokesheni nzima, mtaa wa Waafrika, kabla ya Jumapili. Mama muuza uji akamtengea kikombe chake peke yake, akakiweka mbali na vingine. Jirani mmoja akahamisha kitanda cha mtoto wake kutoka ukuta uliopakana na chumba cha Elphas.

"Kuna nini, jirani?" Elphas akauliza.

"Hakuna kitu, ndugu. Lakini watu wanasema ni kifua kikuu. Wewe nenda upimwe tu."

Akaenda. Si kwa ajili ya jirani. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuogopa.

Daktari Pinto alikuwa Mgoa mzee, mtu wa Goa kule India, mwenye kliniki karibu na soko. Wazungu waliingia kwa mlango wa mbele, Wahindi kwa mlango wa pembeni, na Waafrika wakazunguka nyuma, penye pipa la taka. Elphas alizunguka nyuma.

Daktari aliitazama mikono yake bila kuigusa, kisha akaigusa. Elphas akashtuka. Hakukumbuka ni nani aliyewahi kuigusa bila kufuta vidole vyake baadaye.

"Ilianza lini?"

"Tangu nikichunga ng'ombe za baba, daktari."

"Unakohoa?"

"Hapana."

"Umekonda?"

"Nimekonda wiki hii."

"Usiku shuka linalowa?"

"Hapana."

"Na mikono? Ukiwa usingizini inatoka maji?"

"Nikiwa usingizini nitajuaje?"

"Mke wako atajua."

Elphas akatazama ukuta. "Mke wangu hayuko."

Daktari alimpima kifua, akamsikiliza mgongo, akarudi kwenye kiti chake.

"Hii si TB," akasema. "TB inatoa jasho usiku, mwili mzima, na homa, na kikohozi. Yako inatoka mchana, uko macho, mikono yote miwili sawasawa, miaka na miaka. Chini ya ngozi kila mtu ana vifuko vidogo vya jasho. Vinaamriwa na mishipa ya fahamu. Mishipa yako inaamuru kupita kiasi, basi. Ukiogopa, inaamuru zaidi. Hata ukiogopa kwamba jasho litatoka, litatoka."

"Kwa hivyo si laana."

"Mimi si padre. Nakuambia ni ugonjwa. Hauambukizi mtu na hauui. Unasumbua tu."

"Unasumbua tu," Elphas akarudia polepole.

Aliwaza shule ya misheni aliyoiacha kwa sababu daftari lake lililowa na wino ukatapakaa, mwalimu akamchapa kwa uchafu. Aliwaza sajini wa jeshi aliyemwita mwoga mbele ya kikosi kizima kwa sababu bunduki ilimteleza. Unasumbua tu.

"Kuna dawa?"

"Kuna dawa hii ya maji. Pakaa usiku tu, mikono ikiwa imekauka kabisa, asubuhi unawe. Ikikuchoma, pumzisha siku chache. Kuna upasuaji pia, wa kukata hiyo mishipa huku kifuani. Ulaya wanafanya."

"Na hapa Kenya?"

Daktari akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Kwa mtu kama wewe, tuseme dawa. Na ukitaka cha kuongezea, nje ya mji kumejaa miti ya miwati. Chemsha maganda yake, maji yapoe, uloweke mikono. Ndiyo yanayokausha ngozi ya ng'ombe kiwandani."

"Mimi si ng'ombe, daktari."

"Ngozi ni ngozi."

Elphas alikuwa ameshafika mlangoni daktari alipomwita tena.

"Una watoto?"

Akasita. "Yuko mmoja. Alikuwako."

"Mwangalie viganja. Ugonjwa huu mara nyingi unafuata damu. Si lazima, lakini mara nyingi. Baba anao, mtoto anao."

"Na kama mtoto si wa damu?"

"Basi kwa nini awe nao?"

Elphas alitembea mpaka Mto Sosiani bila kujua anakokwenda. Alijaribu kuikumbuka mikono ya Nasambu. Alikumbuka nywele zake, kovu la goti, jino lililong'oka mbele. Mikono hakuikumbuka hata kidogo.

Hakuwahi kuishika. Tangu arudi kutoka vitani, mtoto akija kumsalimia, alimpa kifundo cha mkono kama mtu aliyetoka kuchimba udongo. Ndivyo alivyomsalimia kila mtu, ili mtu asije akakishika kiganja chake. Watu walimwona mchafu, wengine wakamwona mwenye maringo. Yote mawili yalimfaa kuliko ukweli.

Jioni hiyo alianza dawa, na kesho yake akaleta maganda ya miwati kwenye gunia.

Mwanzoni hapakuwa na tofauti. Kisha, asubuhi moja, aliamka, akavaa, akanywa chai, akaenda msalani na kurudi, ndipo akagundua kuwa hajafuta mikono yake hata mara moja. Alishika gazeti la zamani. Karatasi ilibaki karatasi.

Siku hiyo alimsalimia askari wa manispaa asiyemjua, kiganja kwa kiganja, akaushikilia mkono wa yule mtu mpaka mwenyewe akauchomoa kwa nguvu na kumwuliza kama amelewa.

Bahati ikafuata, au ndivyo alivyodhani. Kimutai, fundi mwenye cherehani yake kwenye baraza la duka moja, alikuwa amepewa kanzu nyeupe za kwaya azishone upesi, na msaidizi wake ameugua.

"Nimesikia mambo yako," Kimutai akamwambia. "Lete mikono nione."

Elphas akampa. Ilikuwa ya kahawia, migumu, mikavu.

"Watu ni waongo," Kimutai akasema. "Keti."

Alishona kanzu ya kwanza akiwa na furaha iliyomtia aibu. Akashona ya pili. Kwenye ya tatu, Kimutai alinyunyiza maji ili waipige pasi, akasimama na pasi mkononi.

"Elphas. Ulikuwa umeshika makaa?"

"Hapana."

"Basi hii ni nini?"

Kwenye kola palikuwa na madoa meusi, madogo, ya ukubwa wa ncha ya kidole. Kwenye mkono wa kanzu mengine. Wakazikunjua mbili za kwanza, wakanyunyiza maji. Zilikuwa na madoa vile vile. Elphas alitazama makasi yake. Vishikio vya chuma vilikuwa vimekuwa vyeusi tii. Sindano nayo nyeusi.

Kimutai alinusa vidole vya Elphas. "Ni miwati hii?"

"Ni dawa."

"Maganda hayo na chuma hayapatani. Yakikutana yanatoa rangi kama wino, na haitoki hata uifue na nini." Alikunja zile kanzu kimya kimya, moja juu ya nyingine. Hakuwa mtu wa kufoka. Laiti angefoka. "Ndugu yangu, lile jasho lako angalau halikuwa na rangi."

Ndivyo Elphas Wepukhulu alivyopoteza kazi kwa mikono yenye maji, kisha akapoteza nyingine kwa mikono mikavu, katika mwezi mmoja, katika mji mmoja.

Mtu mwingine angeyamwaga yale maganda mtoni. Elphas aliendelea kuloweka. Alikuwa na jambo moja kichwani, nalo ni kwenda Chepsaita kuangalia viganja vya mtoto, na hakutaka kwenda kwa wakwe akiwa anachuruzika. Alitaka kuingia kwa Wasike na kumpa mkono kama mwanamume. Wazo hilo ndilo lililommaliza, kama mtakavyoona.

Alipanda treni behewa la watu wa chini mpaka kituo cha Turbo, kutoka hapo akakanyaga matope. Alimkuta Nanzala kwenye kijito chini ya kambi ya wafanyakazi, anafua. Nanzala alimwona, akaendelea kufua.

"Habari ya hapa, Mama Nasambu?"

"Nzuri."

"Nimekuja kumwona mtoto."

"Mtoto yupi?"

"Nasambu."

"Huyo si wako. Ulisema mwenyewe, tena kwa sauti."

"Nataka kuona mikono yake tu."

Nguo ikasimama juu ya jiwe. "Mikono," Nanzala akasema.

Akamweleza yote. Daktari, mishipa, vifuko vya jasho, damu inayofuata damu. Alieleza vibaya, akirukaruka, akirudi nyuma. Nanzala alimsikiliza mpaka mwisho huku akikamua shati lililokuwa limeshakamuliwa.

Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyekanyaga mwiba.

"Kumbe alihitajika Mgoa," akasema. "Mimi nilikuwa nakungoja wewe."

"Unasema nini?"

"Mikono ya Nasambu inatoka maji tangu akinyonya. Unafikiri kile kikombe kilimponyoka kwa nini? Ni mkono wako ulikiangusha, Elphas. Ukamkana mtoto kwa mkono wako mwenyewe."

Elphas alikaa juu ya jiwe lenye maji bila kuliona.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Eti nina ushahidi? Mimi si mwizi nitembee na ushahidi. Nilitaka uamini mdomo wangu."

"Ungenionyesha tu mara moja."

"Nilimfundisha akufiche." Sauti yake ilishuka. "Nilikuona vile ulikuwa unaitazama mikono yako. Kama kitu cha kutupwa jalalani. Nikaogopa utakuja kuitazama yake hivyo. Kwa hivyo nikamwambia, Baba akikaribia, weka mikono nyuma. Na yeye anatii. Ni mtoto mwema."

Elphas akaokota sabuni iliyokuwa imedondoka, akamsogezea.

"Na kitu kingine hujui," Nanzala akaendelea, na sasa alikuwa akiokota nguo zake, akizitia kwenye karai. "Ukilala, mkono wako unakauka. Unakuwa mkavu kama wa mtu yeyote. Nilikuwa naushika mpaka asubuhi inakaribia, halafu nauacha kabla hujaamka, kwa sababu ukiamka unaunyakua. Hiyo ndiyo ndoa nilikuwa nayo."

Lile swali la daktari kuhusu mikono usingizini lilimrudia Elphas, na jibu lake lilikuwa limesimama hapa mbele yake na karai kichwani.

"Nanzala, turudi nyumbani."

"Umechelewa. Wazee wanakaa leo kwa Wasike. Nyongesa ameniposa. Amesema mtoto atachukua jina lake."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema wazee wakae."

Akapanda mlima. Elphas akamfuata kwa nyuma, hatua za mgeni.

Kwa Wasike viti vilikuwa vimepangwa chini ya upenu kwa sababu ya manyunyu. Mzee Kituyi alikuwa katikati. Mwalimu Nyongesa, mwembamba, koti limefungwa vifungo vyote, alikaa ukingoni. Wasike alipomwona shemeji yake aliinuka, si kwa kumkaribisha.

Elphas akanyoosha mkono, kiganja wazi. Wasike aliutazama, asiupokee.

"Leo ndiyo unajua kusalimia watu?"

"Mwacheni akae," Mzee Kituyi akasema. "Anahusika. Elphas, tulikusikia kule Eldoret kwa masikio yetu. Ndoa yenu ni ya kimila, kanisa halikuibariki kwa sababu vita vilikuita. Sasa mtoto umemkana na mke ametoka. Una neno?"

"Nina neno, Mzee. Nilikosea. Mtoto ni wangu."

"Maji yakimwagika hayazoleki. Kuanzia siku ile mpaka leo, ni nini kimebadilika?"

Akaeleza tena, na safari hii alieleza vizuri, maana alikuwa akiomba maisha yake. Alisema kwamba mikono yake hutoka jasho tangu utoto. Kwamba ni ugonjwa na una dawa. Kwamba hufuata damu. Kwamba mtoto wake anao.

Mzee Kituyi alimsikiliza huku ameinamisha kichwa, kisha akaita. "Nasambu, njoo hapa, mama. Lete mikono."

Mtoto alimtazama mama yake. Nanzala akaitikia kwa kichwa. Nasambu akaitoa mikono kutoka nyuma ya mgongo, akaifungua.

Iling'aa. Mzee aliifuta kwa kitambaa chake, akasubiri. Watu wote walisubiri. Tone dogo likatokea katikati ya kiganja, na jingine, mpaka mistari yote ikajaa maji. Na baridi ilikuwa ya kutetemesha meno.

Minong'ono ikapita upenuni.

"Kweli, hii si kawaida," Mzee akasema. "Haya, Elphas. Leta yako."

Elphas alinyanyua mikono, na hapo tu, mbele ya watu wote, ndipo alipofahamu alichojitendea.

Mzee aliishika, akaigeuza, akaisugua kwa kidole gumba. Ilikwaruza.

"Hii ni mikavu kuliko yangu."

"Nimeikausha, Mzee. Ni ile dawa, na maganda ya miwati."

"Unakuja kutuonyesha kitu, halafu unakiondoa kabla hujafika?"

Wasike akacheka kwa pua.

"Shemeji, wewe unanijua," Elphas akamgeukia. "Nimewahi kukupa kiganja? Siku zote nilikupa kifundo. Ilikuwa ni kwa sababu ya jasho."

"Mtu akinipa kifundo najua mikono yake ni michafu. Hilo tu ndilo najua."

"Muulizeni daktari. Yuko Eldoret, karibu na soko."

"Na yeye atapanda treni aje kwenye kambi ya shamba kwa ajili yako?"

Elphas akafumba macho. Maisha yake yote jasho lilikuja bila kuitwa. Lilikuja darasani, gwarideni, harusini kwake. Sasa aliliita. Alikunja viganja, akavikunjua, akaviomba. Woga ulimjaa, na daktari alisema woga ndio unaoliamuru.

Jasho likaja. Likatoka kwenye paji la uso, likateremka shingoni, likalowesha kola. Viganja vilibaki kama gome la mti.

"Sasa anatoka jasho la uso," Wasike akasema. "Hilo hata mimi ninalo nikidanganya."

Ndipo mwalimu Nyongesa aliposimama. Elphas alijiandaa kwa matusi. Hayakuja.

"Wazee wangu, na mimi angalieni mikono yangu." Akainyoosha. Ilikuwa mikavu, na chaki kwenye kucha. "Nasema mbele ya Mungu, mtoto huyu sikumzaa. Nilisoma barua kwa sauti, mlango wazi, nikaenda zangu. Lakini tangu vita nimebeba dhambi hiyo. Watoto wa shule wanaimba jina langu na la Nanzala. Mke wangu alikufa akiwa anaamini. Adhabu nimeimaliza yote. Sisemi Nasambu ni wangu kwa damu. Nasema nipewe yeye kwa sababu mwenye damu alimwona anamwaga maji, akamtupa."

Elphas alitamani mtu huyu angekuwa mwovu.

Wasike ndiye aliyedakia, na sura yake ilikuwa imebadilika. "Ngojeni kidogo. Mwalimu anasema si wake. Elphas mikono yake ni mikavu. Sasa mtoto ni wa nani?"

Macho yote yakahama, yakatua kwa Nanzala. Aliyaona yakija. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Elphas alimwona anaogopa, na akajua ni yeye aliyemfikisha hapo.

Mzee Kituyi alikohoa. "Binti yangu, hapa hakuna mwingine aliyeishi na mikono ya mtu huyu. Nitakuuliza mara moja tu. Inatoka jasho, au haitoki? Ukisema inatoka, mtoto ni wa Elphas, na nyumba yako iko Eldoret. Ukisema haitoki, mwalimu atawachukua, lakini watu watauliza baba ni nani, na midomo yao siwezi kuishona."

Manyunyu yaliongezeka, yakapiga bati.

Nanzala alimvuta Nasambu kwake. Kwa pindo la leso akamfuta kiganja kimoja, polepole, kisha cha pili, kama alivyofanya maelfu ya mara bila mtu kuona. Alipoinua uso hakumtazama Mzee. Alimtazama Elphas.

"Mzee, nitajibu," akasema. "Lakini kwanza mimi pia nina swali. Huyu anayesema mtoto ni wake, amewahi kumshika mkono?"

Elphas akasimama. Alivuka ule uwazi mdogo kati ya viti, akapiga goti kwenye matope mbele ya binti yake, akaukunjua mkono wake wa kahawia.

"Nasambu," akasema. "Nipe mkono, mama."

Mtoto alimtazama usoni kwa muda mrefu. Kisha, kwa utiifu, akairudisha mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo.